Kondoo wa nyumbani na jicho jeupe

Mimi ni daktari wa mifugo, kazi yangu ni kuzunguka maboma ya watu hapa Kajiado, na kondoo ndio walionisomesha, lakini kondoo hao hao ndio walinionyesha kwamba cheti kinaweza kulala usingizi kama mgonjwa ni wa nyumbani kwenu.

Zamani tulikuwa na wale wekundu wa Kimaasai, wa mkia mnono. Halafu Dorper akaingia. Huyu alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kupandisha kondoo wa aina mbili, Dorset Horn na Blackhead Persian, anakua haraka, ana nyama, ukimpeleka soko la Bissil hukai naye sana. Mzee akapenda, tukapandisha na kupandisha mpaka zizini ikawa ni vichwa vyeusi tupu.

Ule ukame wa 2020 mpaka 2023 tuliuvuka tukichechemea, misimu mitano mvua ilikataa, tukauza karibu nusu kwa bei ya kutupa. Sa El Niño ilipofika mwisho wa 2023 tukashangilia, nyasi ikaota, mimi mwenyewe nikamwambia Mama wacha washibe. Haya, nyasi fupi mbichi yenye unyevu ndiyo nyumbani kwa minyoo, hasa ile ya tumbo inayonyonya damu, Haemonchus, jike moja linataga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku, siku moja!, na ndani ya kama wiki tatu kizazi kipya kiko tumboni kinanyonya. Kondoo aliyetoka kwenye njaa hana damu ya kugawa.

Asubuhi moja Mama akapiga simu. "Daktari wangu, kuja uone, huyu amefura hapa chini kama ameficha ugali mdomoni." Nikafika nikashika kichwa, chini ya taya kuna uvimbe laini kama mfuko wa maji, nikavuta kope ya chini na kidole gumba, ndani peupe kama karatasi. Hakuwa anahara. Hapo ndipo wengi wanadanganyika, wanangoja mavi ya maji, na minyoo hii mara nyingi haileti kuhara kabisa, inamaliza damu polepole na kondoo anaendelea kula mpaka siku analala na haamki.

Tulipoteza 11, wengi wakiwa majike wanaonyonyesha, juu jike akikaribia kuzaa na wiki za kwanza baada ya kuzaa kinga yake dhidi ya minyoo inashuka.

Na dawa walikuwa wanapewa! Kila miezi mitatu, wote, kipimo cha kukisia, mkubwa sawa na mdogo. Mkubwa akipata dozi ya mdogo, minyoo dhaifu inakufa na ile sugu inabaki kuzaana yenyewe kwa yenyewe. Hii nawaambia watu kila wiki, na kwetu sikuwahi hata kuuliza.

Siku hizi wakati wa mvua tunakagua macho kila wiki mbili kwa kadi ya FAMACHA, kadi ya kulinganisha rangi ya ndani ya kope, rangi ni tano, 1 ni nyekundu safi na 5 ni nyeupe. Wa 4 na 5 wanapata dawa kwa uzito wao, wa 3 akiwa na mimba au akiwa mdogo naye anapata, wengine tunawaacha. (Kupe nao wanaweza kufanya jicho liwe jeupe, so angalia masikio pia.)

Tumerudisha na wekundu. Utafiti wa ILRI, ile taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, kule pwani, Diani, uliwaweka pamoja na Dorper kwenye malisho yale yale, na wana-kondoo wekundu walikufa wachache zaidi. Sa majike yetu ni wekundu, dume ni Dorper, watoto wanatoka na mwili wa kutosha na bado wanastahimili mvua. Januari tuliuza wanane, karo ya wadogo zangu wawili ikaisha bila kukopa.

Mzee anasema hawa wekundu ni wadogo. Kila jioni wakirudi anawaangalia wa jirani kwanza, halafu wetu, anatingisha kichwa, halafu anainama anamshika mmoja na kumvuta kope.