Sikorsky: jina la ukoo lililogeuka jina la helikopta

Sikorsky ni jina la ukoo lenye asili ya Ulaya Mashariki, linalopatikana hasa Poland, Ukraine na Urusi, ambalo leo linajulikana zaidi duniani kama jina la kampuni ya Kimarekani inayotengeneza helikopta. Umbo lake la Kipolandi ni Sikorski. Kiishio -ski katika lugha hizo huonyesha uhusiano, mara nyingi wa mtu na mahali atokako, kwa namna inayokaribiana na majina ya nisba tuliyoyazoea pwani, kama Shirazi. Hivyo Sikorski ni mtu wa Sikory au Sikora, majina ya vijiji ambayo nayo yanahusishwa na sikora, neno la Kipolandi la jamii ya ndege wadogo wanaokula wadudu na mbegu. Inapendeza kwamba jina hili lilikuwa na mbawa ndani yake zamani sana kabla halijaandikwa kwenye ubavu wa chombo chochote kirukacho.

Mwanamke wa Poland au Ukraine mwenye jina hili huitwa Sikorska, na wa Urusi Sikorskaya. Kwa kuwa jina limeenea, si kila mwenye nalo ni ndugu wa mtengeneza helikopta: Jenerali Władysław Sikorski, waziri mkuu wa Poland uhamishoni aliyefariki katika ajali ya ndege Gibraltar mwaka 1943, ni mtu mwingine kabisa, ingawa kifo chake cha angani huwachanganya wengi.

Aliyelifungamanisha jina na helikopta ni Igor Sikorsky, aliyezaliwa Kyiv mwaka 1889, wakati mji huo ulipokuwa chini ya Dola ya Urusi. Mwaka 1913 alirusha ndege kubwa ya injini nne, jambo ambalo wataalamu wengi wa wakati huo hawakuamini kuwa lingewezekana. Baada ya mapinduzi ya Urusi aliondoka, akafika Marekani mwaka 1919, na mwaka 1923 akaanzisha kampuni yake kwa michango ya wahamiaji wenzake, akiwemo mwanamuziki Sergei Rachmaninoff aliyetoa dola 5,000. Kwa miaka mingi jina hilo lilihusu ndege za kawaida na zile zinazotua majini; helikopta ilikuja baadaye, tarehe 14 Septemba 1939, pale chombo chake cha VS-300 kilipoinuka kidogo kutoka ardhini huko Stratford, Connecticut, kikiwa bado kimefungwa kamba.

Hapa inafaa kusahihisha kauli inayorudiwa mno, kwamba Sikorsky ndiye aliyebuni helikopta ya kwanza. Mfaransa Paul Cornu anasemekana aliinuka na chombo cha namna hiyo mwaka 1907, na Wajerumani walirusha helikopta iliyodhibitika vizuri mwaka 1936. Mchango wa Sikorsky ni kuufanikisha mpangilio wa panga kubwa moja linalozunguka juu na panga dogo mkiani. Panga la juu linapozunguka, mwili wa chombo huelekea kuzunguka upande wa pili, na panga la mkiani huuzuia. Helikopta nyingi tunazoziona leo zimefuata mpangilio huo. Toleo lake la R-4 likawa helikopta ya kwanza duniani kutengenezwa kwa wingi.

Katika matumizi ya sasa, jina hili likitajwa peke yake laweza kumaanisha mtu, kampuni au chombo chenyewe, na herufi S katika majina ya helikopta kama S-76 na S-92 inatokana nalo. Lockheed Martin, kampuni ya Kimarekani ya ndege na silaha, ilipoinunua kampuni hiyo mwaka 2015 kwa takriban dola bilioni 9, jina lilibakizwa. Chuo cha ufundi cha Kyiv alikosoma Igor nacho kimepewa jina lake. Kwa Kiswahili utata huu huondolewa na upatanisho wa kisarufi: tukiandika "Sikorsky alihamia Marekani" tunamsema mtu, na tukiandika "Sikorsky iliuzwa" tunaisema kampuni. Kuhusu tahajia, y ya mwisho ni ya mtu huyu na kampuni yake, ilhali i huhifadhiwa kwa Wapolandi, na haifai kumwandika jenerali yule kwa y.