Itikadi si kadi

Juzi Kibirizi, mwaloni kwetu Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye kikao cha wavuvi na akina mama wa dagaa, mwenyekiti alifungua kwa kusema: "Ndugu zangu, tujadili ziwa letu bila kujali itikadi." Nia yake ilikuwa njema, alitaka habari za vyama zikae pembeni. Lakini nimelisikia neno hilo likisemwa hivyo mara nyingi mno, na safari hii limeniuma, kwa sababu mada ilikuwa mabadiliko ya tabianchi.

Itikadi ni imani iliyoshika mizizi. Ile ya kisiasa inahusu jamii iendeshweje: nani amiliki nini, serikali iingilie wapi, nani abebe gharama. Basi.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kufunga fundo. Humo ndimo ilimotoka akdi ya ndoa, na kitenzi kuitakidi, yaani kuamini kwa dhati. Mzee aliyekaa mbele yangu alikuwa akishona wavu kikao kikiendelea. Anapitisha uzi, anauzungusha, anaukaza kwa meno, kisha anavuta kuhakikisha fundo limeshika. Itikadi ni fundo lile. Kadi ya chama haimo. Kadi tumeipata kwa Waingereza, na nadhani kufanana kwa sauti ndiko kunakotuponza. Kadi mtu huirudisha jukwaani mchana, jioni akapokea nyingine, na fundo la moyoni likabaki vilevile.

Marekani chama na itikadi vimeshikana sana katika suala hili, ndiyo maana huko ukijua mtu anapigia nani kura unaweza kukisia anavyoliona joto la dunia. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Rais George H. W. Bush wa Republican, chama ambacho leo ndicho chenye wenye shaka wengi, ndiye aliyesaini mkataba wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi mwaka 1992. Kilichowagawanya Wamarekani zaidi ni dawa: kodi ya hewa ukaa, sheria za kubana viwanda. Anayeitakidi kwamba serikali isimguse mfanyabiashara, akiambiwa tiba ni serikali kumgusa, huanza kuutilia shaka ugonjwa wenyewe.

Kibirizi hakuna aliyeukana ugonjwa. Maji ya ziwa tuliyaona yakipanda mwaka 2020 na 2021. Ubishi ulikuwa kwa nini dagaa wamepungua. Mvuvi mmoja alisema tumewamaliza wenyewe kwa nyavu haramu, na serikali ilifanya sawa kufunga ziwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Mama mmoja muanika dagaa akamjibu kwamba ziwa limepata joto, maji ya juu hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, chakula cha samaki kinapungua. "Walioleta joto wana viwanda vyao huko mbali. Mbona nifungiwe mimi?"

Wote wawili walisema kweli. Uvuvi uliopita kiasi upo, na joto la ziwa limepimwa. Ila kila mmoja alikimbilia kuishika kweli inayolingana na imani yake kuhusu nani alipe. Na hao wawili, nawafahamu, ni wanachama wa chama kimoja.

Kwa hiyo, mwenyekiti wangu, kikao kijacho tuambie tu "bila kujali vyama vyetu". Itikadi tuache tuingie nazo, maana ndizo tulizokuwa tukizijadili siku ile hadi jua likazama.