Eti Kindle ni ileile ya 2007? Dhana na ukweli

Kila nikitoa Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu vya kidijitali, kwenye daladala hakosekani mtu wa kuniuliza, "hicho kidude bado kipo? Si ni kilekile cha zamani?" Haya tuongee.

Dhana: hakuna kilichobadilika.
Ukweli: kwa sura sawa, nakubali. Lakini ile ya kwanza ya 2007 iliuzwa dola 399, pikseli (vidoti vinavyounda maandishi) 167 kwa inchi, kijivu cha aina nne tu, na haina taa, yaani umeme ukikatika nawe umemaliza kusoma. Taa ikaja 2012 kwenye toleo la Paperwhite, mpinzani wake Nook aliwahi miezi michache kabla, halafu 2014 toleo la Voyage likafika pikseli 300. Tangu hapo 300 ni 300, hapo wanaolalamika wana pointi. Na Paperwhite kupata tundu la chaji la USB-C mpaka 2021, hiyo wala sitetei.

Dhana: kampuni zinazembea, mbona simu zinabadilika kila mwaka?
Ukweli: skrini ya simu inawasha taa, hii ya Kindle inasogeza vitu. Ndani kuna vidonge vidogo sana, kimoja kama unene wa unywele, vimejaa chembe nyeusi na nyeupe zinazoelea kwenye kimiminika, umeme ukija nyeusi zinapanda nyeupe zinazama, au kinyume chake. Sasa kitu kinachoogelea utakikimbiza vipi kama taa? Ndo maana ukifungua ukurasa kuna muda skrini inapepesa nyeusi, na isipopepesa unaona herufi za ukurasa uliopita kwa mbali, kama ubao uliofutwa na kiganja. Ila ndo hizohizo zinazofanya chaji ikae wiki kadhaa, maana chembe zikishatulia hazili umeme. Halafu karibu watengenezaji wote wananunua skrini kwa kampuni moja, E Ink, sasa mpishi akiwa mmoja wote mnasubiri sufuria moja.

Dhana: sasa hivi kuna za rangi, basi ni tableti.
Ukweli: wapi! Kobo Libra Colour ya washindani na Kindle Colorsoft, zote za 2024, ni skrini ileile ya nyeusi na nyeupe imewekewa kichujio cha rangi. Maandishi yanabaki 300 ila rangi inashuka mpaka 150, na kichujio kinakula mwanga kwa hiyo weupe unakuwa umefifia kidogo. Kama ni katuni au majalada, chukua. Kama ni riwaya tu, hiyo hela nunulia vitabu.