Arseniki 5, lengo 0.004: acheni kugawanya namba za maji msizozijua

Imerudi tena. Mtu amefungua ripoti ya maji ya jiji, ameona arseniki mikrogramu 5 kwa lita, akaigawanya kwa 0.004 na kutangaza kuwa maji ya bomba yana sumu "mara 1,250 ya kiwango salama". Kugawanya amegawanya sawasawa. Tatizo ni hiyo 0.004, ambayo si kiwango salama, wala si kikomo cha sheria yoyote. Matokeo yake watu wanaacha maji yaliyotiwa klorini na kupimwa kila siku, wanakimbilia maji ambayo hakuna aliyewahi kuyapima hata mara moja.

Namba hiyo ni lengo la afya ya umma la jimbo la California, lililotangazwa mwaka 2004. Ni makadirio ya kiasi ambacho mtu akikinywa maisha yake yote, hatari yake ya kupata saratani itaongezeka kwa mtu mmoja katika milioni. Aliyeikokotoa hakutakiwa kuuliza kama kuna mtambo unaoweza kushusha arseniki hadi hapo, wala kama kuna maabara inayoweza kuiona. Mashine za ICP-MS, zinazopima metali kwa viwango vidogo sana, katika maabara nyingi za kawaida zinahesabu arseniki kwa uhakika hadi sehemu ya kumi ya mikrogramu au karibu na hapo. Lengo liko chini ya hapo mara 25 hivi. Maana yake, jiji lolote ambalo arseniki imeonekana kwenye kipimo, hata kidogo kiasi gani, tayari limelizidi lengo mara nyingi. "Mara 1,250" haikuambii chochote zaidi ya ile 5 uliyokuwa nayo mwanzoni, ila inatisha zaidi.

Sasa kikomo chenyewe. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliteremsha kikomo cha arseniki hadi mikrogramu 10 kwa lita mwaka 1993. Marekani iliamua hivyo mwaka 2001 na kuanza kuidai kwa mitambo yote Januari 2006, kutoka 50. Kabla ya kuamua, walipima uwezekano wa 3, 5, 10 na 20, na gharama ilikuwa mezani. Lengo lao la kiafya ni sifuri. Kumi ndiyo namba waliyoona faida yake inastahili gharama, na WHO wenyewe wanaiita ya muda. Kwa hiyo anayesema "8 iko chini ya 10, hamna kitu" amekosea sawa na yule wa 1,250. Kati ya 9 na 11 hakuna ukuta. Hatari inapanda kidogo kidogo kuanzia chini kabisa, na kikomo ni mahali ambapo sheria imeamua kusimama.

Na hapa kuna jambo ambalo vitabu hulipitia haraka. Ushahidi mkubwa wa saratani ya arseniki umetoka kwa watu walioyanywa maji ya visima vyenye mamia ya mikrogramu kwa lita, Taiwan hasa. Kutoka huko juu tunachora mstari kushuka hadi kwenye mikrogramu chache. Kama mstari huo ni mnyoofu hadi sifuri au unapinda njiani, wataalamu hawajakubaliana, na kuhesabu wagonjwa wa jiji moja hakuwezi kulimaliza suala hilo kwa viwango vidogo hivyo. Msimamo wangu: penye 8, tafuteni namna ya kuishusha. Lakini msimwambie mtu anayekunywa 5 kwamba anakunywa sumu.

Kinachonikera zaidi ya hesabu ya kugawanya ni imani kwamba vikomo vyote vimejengwa kwa namna moja, kwamba "wataalamu huwa wanaacha akiba kubwa". Baadhi tu. Kwa kemikali nyingi njia ni hii: unachukua dozi ambayo haikuwadhuru wanyama, tuseme miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, unaigawanya kwa 100 (kumi kwa tofauti ya mnyama na binadamu, kumi kwa tofauti za binadamu wenyewe), inabaki 0.1. Unazidisha kwa mtu wa kilo 60, unayapa maji asilimia 20 tu kwa sababu kemikali hiyo huingia pia kwa chakula na hewa, kisha unagawanya kwa lita 2 anazokunywa kwa siku. Unapata miligramu 0.6 kwa lita. Maji ya kemikali hiyo yakisoma 0.7 kwa mwezi mmoja, mtambo una kosa la kurekebisha, ila mnywaji bado yuko ndani ya akiba.

Arseniki haina akiba hiyo. Metali ya risasi haina. Nitrati, ile chumvi inayotoka kwenye mbolea na vinyesi, nayo karibu haina kabisa, na ndiyo inayosahaulika. Kikomo cha WHO cha miligramu 50 kwa lita kimetokana na watoto wachanga wenyewe waliougua, si panya, wala hakikugawanywa kwa 100. Mtoto wa chini ya miezi sita anayenyweshwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya nitrati nyingi anaweza kupungukiwa uwezo wa damu kubeba oksijeni ndani ya siku chache, ngozi ikageuka rangi ya buluu. Kwa hiyo nitrati 60 ni suala la leo kwa nyumba yenye mtoto huyo: badilisha maji ya chupa yake sasa hivi. Arseniki 12 ni suala la miezi na miaka: mamlaka ichanganye vyanzo, ibadilishe kisima, iweke chujio la oksidi ya chuma, na hakuna sababu ya mtu kuamka usiku. Zote mbili kwenye ripoti zimeandikwa neno lilelile, "imezidi". Bakteria wa E. coli (dalili ya kinyesi majini) mmoja ndani ya mililita 100 ni suala la leo kwa kila mtu.

Wala usidhani kwamba chini ya 50 mjadala umekwisha. Utafiti mkubwa wa Denmark uliochapishwa 2018 ulihusisha nitrati kuanzia miligramu 4 hivi kwa lita na ongezeko la saratani ya utumbo mpana. Uhusiano si uthibitisho wa chanzo, lakini siwezi kuutupa. Kikomo cha 50 kiliwekwa kumlinda mtoto mchanga kwa siku chache, hakikuwekwa kujibu swali la miaka arobaini ya kunywa.

Tukiwa kwenye nitrati, angalia imeandikwaje. Maabara nyingine huripoti nitrati nzima, nyingine huripoti nitrojeni iliyo ndani yake. Tofauti ni mara 4.43. Kikomo cha Marekani ni 10 cha nitrojeni, yaani karibu 44 ya nitrati nzima. Cha WHO ni 50 ya nitrati nzima, yaani 11.3 ya nitrojeni. Ukichukua "9" ya nitrojeni ukailinganisha na 50 utalala usingizi mzuri usiostahili, kwa sababu hiyo ni karibu 40. Ukichukua 40 ya nitrati nzima ukailinganisha na 10, utapiga kelele bure. Ripoti isiyosema ni ipi, irudishe.

Desimali nazo si pambo. Kikomo cha arseniki Marekani kiliandikwa kwanza miligramu 0.01. Kwa kukadiria hadi desimali mbili, 0.014 nayo inasomeka 0.01, mtambo unapita. Mwaka 2003 walilazimika kukiandika upya 0.010. Sifuri moja imezuia mikrogramu nne. Vilevile, "haikuonekana" ni jibu pale tu unapojua kipimo kinaona hadi wapi. Umoja wa Ulaya unataka njia ya kupima iweze kuhesabu hadi asilimia 30 ya kikomo au chini yake. Kama maabara yako inaanza kuona risasi kwenye mikrogramu 20 na kikomo ni 10, "haikuonekana" haina maana yoyote.

Risasi inastahili nafasi yake. Kwa kawaida haitoki kwenye mtambo. Inatoka kwenye bomba la risasi linaloingia nyumbani, kwenye lehemu ya viungo vya shaba, kwenye koki za shaba nyeupe. Hivyo namba ya jiji zima haisemi chochote kuhusu koki yako. Kanuni ya Marekani ya 1991 iliweka mikrogramu 15 kwa lita, lakini si kikomo cha kila nyumba: unapanga sampuli kutoka ndogo hadi kubwa, na kati ya sampuli kumi unaangalia ya tisa. Ya tisa ikiwa 6, jiji limepita, hata kama ya kumi ni 200. Familia ya hiyo ya kumi haimo kwenye kichwa cha habari. WHO wana 10, Ulaya wanakwenda kwenye 5 ifikapo 2036, na kati ya zote hakuna inayodai kuwa salama kwa ubongo wa mtoto, kwa sababu kiwango hicho hakijapatikana.

Na risasi inabadilika bila chanzo kubadilika. Washington walihama kutoka klorini kwenda kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) mwaka 2000. Tabaka la ndani ya mabomba likayeyuka, risasi ikapanda. Mji wa Flint, Michigan, ulibadilisha chanzo cha maji na kutumia mto mwingine Aprili 2014 bila kuweka fosfati ya kulinda mabomba. Ripoti ya mwaka juzi haikulindi.

Ukitaka kujua ya kwako, chupa ya lita moja yenye mdomo mpana, maji yawe yametulia kwenye bomba saa sita au zaidi, usiyaachie kwanza, usifungue kichujio kidogo cha mdomo wa koki, fungua kwa kasi ya kawaida. Lita ya kwanza inaonyesha koki. Kama unashuku bomba la risasi linaloingia nyumbani, kinga chupa tano mfululizo na upime ya tano pia. Ukitoa yale yaliyokaa kabla ya kukinga, umepima bomba la barabarani. Maabara huongeza asidi ya nitriki kwenye sampuli na kuiacha saa 16 ili risasi iliyoganda kwenye kuta za chupa irudi majini. Anayepima papo hapo bila asidi atapata namba ndogo ya uongo. Sampuli ya E. coli ni kinyume chake: haitaki asidi, inataka chupa tasa yenye thiosalfeti ya kuua klorini, baridi, na ifike maabara siku hiyohiyo.

Trihalomethani, yaani kemikali zinazojitengeneza klorini inapokutana na mabaki ya mimea majini, niseme haraka. Tuseme klorofomu mikrogramu 60 kwa lita, bromodiklorometheni 30, dibromoklorometheni 10. Jumla 100. Kwa Ulaya inapita kwa kubana, kwani kikomo ni 100. Kwa Marekani imezidi 80, ila wao hutumia wastani wa robo nne za mwaka, kwa hiyo robo moja haitoshi kuwa kosa. Kwa WHO kila moja hugawanywa kwa kikomo chake, 300, 60 na 100, unajumlisha: 0.2, 0.5, 0.1, jumla 0.8, chini ya 1, inapita. Maji yaleyale, majibu matatu, na hakuna aliyedanganya. Ninachokataa kabisa ni kupunguza klorini ili namba hii ipendeze. WHO wamelisema waziwazi: kuua vijidudu kusihatarishwe kwa ajili ya kemikali hizi. Mnataka kuzipunguza, ondoeni mabaki ya mimea kwenye maji kabla ya kuweka klorini, na msogeze dozi ya kwanza baada ya kuchuja. Mwisho wa bomba klorini isishuke chini ya miligramu 0.2 kwa lita.

Kipimo cha TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) anachotembea nacho muuza machujio hakihusiani na lolote kati ya haya. Kinapima umeme unavyopita majini na kukisia chumvi zote kwa pamoja. Maji ya TDS 300 yakiongezewa risasi mara tano ya kikomo cha WHO, yaani miligramu 0.05, kipimo kitasoma 300. Namba kushuka hadi 20 baada ya chujio kunathibitisha tu kwamba chumvi nyingi, kama za kalisi na magnesi, zimetoka.

Kuchemsha kunaua vijidudu na kufukuza sehemu kubwa ya klorofomu. Nitrati, arseniki, floridi na risasi zinabaki zote huku maji yakipungua. Nitrati 45 ikichemshwa hadi robo ya maji ipotee inakuwa 60, na hayo ndiyo maji yanayokwenda kwenye chupa ya mtoto. Mwenye nitrati karibu na kikomo achemshe mara moja tu, afunike, azime mara maji yanapotokota vizuri, na asirudie kuchemsha yaliyobaki kwenye birika.