Eli wa Pembroke na watoto wawili wa mwisho

Ukisoma orodha ya maeli wa Pembroke, huko Wales, wa Zama za Kati, utaona majina ya koo yanabadilika: Clare, halafu Marshal, halafu Valence, halafu Hastings. Wanafunzi wangu wakiiona kwa mara ya kwanza hudhani kila ukoo ulimpora mwenzake. Sivyo. Kati ya jina moja na linalofuata yupo mwanamke, na orodha haimtaji. Nimesoma koo hizi miaka mingi, na kwangu kazi huanzia hapo: kumtafuta huyo aliyeachwa nje.

Eli kilikuwa cheo cha juu kabisa cha makabaila wa Uingereza mpaka mwaka 1337, alipopatikana mtu wa kwanza kuitwa duke. Siku ya kukipokea, mfalme alimfunga mwenyewe upanga kiunoni. Lakini upanga haujazi ghala. Nguvu ya eli ilikuwa ardhi: mashamba yenye wakulima wanaolipa kodi, ngome, misitu, masoko, na haki ya kusikiliza kesi na kutoza faini. Kwa ardhi ya namna hiyo sheria ilikuwa kali. Mwana wa kwanza huchukua yote. Wadogo zake hula kile baba atakachowaonea huruma. Kukiwa hakuna mwana kabisa, mabinti hugawana sawa kwa sawa, na binti aliyetangulia kufa nafasi yake hushikwa na watoto wake. Aliyezoea mirathi ya Kiislamu, ambako binti ana fungu lake hata akiwa na kaka kumi, hapo atasimama kidogo. Uingereza binti mwenye kaka hakupata kitu katika ardhi ya baba isipokuwa alichopewa wakati wa kuozwa. Binti asiye na kaka aliweza kuamka asubuhi moja akiwa na nusu ya jimbo.

William Marshal aliijua sheria hii kwa upande wake mchungu. Alikuwa mwana wa nne. Hakuwa na shamba. Alijitafutia riziki juu ya farasi, kwenye vita na kwenye mashindano ya mikuki, ambako ukimteka mpinzani unachukua farasi wake na fidia. Ameshapita miaka arobaini, mwaka 1189, ndipo alipopewa mke: Isabel de Clare, msichana ambaye kaka yake alikufa mdogo. Mama yake Isabel, Aoife, alikuwa binti wa Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster huko Ireland. Baba yake, Richard de Clare, anajulikana zaidi kwa jina la Strongbow. Kwa hiyo Leinster yote, ngome ya Striguil mpakani mwa Wales (leo Chepstow), na dai la cheo cha Pembroke vilimfikia William kwa njia ya wanawake wawili, mama na binti. Upanga wenyewe alikuja kufungwa miaka kumi baadaye, siku Mfalme John alipotawazwa, mwaka 1199.

Kuna tukio moja ambalo huwa nalirudia darasani kila mwaka. Ni 1207. Mfalme John amemwita William arudi Uingereza, na William anajua kwamba akivuka bahari maadui zake watavamia Leinster. Anawakusanya watu wake wanaoshikilia ardhi chini yake. Anaingia amemshika mkewe mkono. Isabel ni mjamzito. Shairi refu la maisha ya William, lililotungwa kwa Kifaransa miaka michache baada ya yeye kufa, linasema aliwaambia kwamba huyu ndiye bibi yao kwa kuzaliwa, binti wa yule aliyewapa ardhi walizonazo, na kwamba yeye William hana chochote pale ila kwa haki ya mkewe. Akaondoka, akamwacha kwao. Vita vilikuja kweli, Isabel akazingirwa, na mwisho adui ndiye aliyelazimika kufanya amani naye.

Mimi sioni maneno yale kama upole wa mume kwa mkewe. Ni maelezo ya sheria yaliyosemwa mbele ya mashahidi. Wanaume wale walimwapia uaminifu William, lakini kiapo kilikuwa na mizizi kwa Isabel.

Walizaa watoto kumi, wavulana watano na wasichana watano. Mwaka 1219 William alikuwa amelala Caversham, kando ya mto Thames, anangoja kufa. Alikuwa mlezi wa mfalme mtoto, Henry wa Tatu, na msimamizi wa ufalme mzima, na bado lililomsumbua kitandani ni la kila mzazi: nani ale nini. Mrithi alijulikana, William wa pili. Anselm, mvulana wa mwisho, baba alitaka kumwacha bila ardhi, akue, ajitafutie heshima kama yeye alivyojitafutia. Aliombewa na mtu wake wa karibu, John wa Earley, ndipo akampa ardhi ya kumwingizia pauni 140 kwa mwaka. Na Joan, binti wa mwisho, alimsikitikia kwa sababu alikuwa hajamwoza. Tuwakumbuke hawa wawili.

William wa pili alifariki ghafla mwaka 1231, hana mtoto. Richard akashika nafasi, akagombana na mfalme, akajeruhiwa vitani Kildare, Ireland, na kufa mwaka 1234. Gilbert aliangushwa na farasi kwenye mashindano ya mikuki karibu na Hertford, 1241. Walter alikufa Novemba 1245. Kila kifo kilikuwa na gharama yake, maana kwa mujibu wa Magna Carta, hati ya 1215 iliyomwekea mfalme mipaka, mrithi wa eli alitakiwa kumlipa mfalme pauni 100 kabla ya kukabidhiwa ardhi. Baada ya Walter akabaki Anselm, yule aliyekusudiwa kuachwa mikono mitupu. Vyote vilikuwa vyake. Akafa Desemba hiyohiyo, kabla mfalme hajamkabidhi, na hakuna hata mmoja kati ya ndugu watano aliyeacha mtoto wa halali.

Watu wa wakati ule walisema ni laana. Mtawa Matthew Paris aliandika kwamba Askofu wa Ferns, huko Ireland, alinyang'anywa mashamba mawili na William mkubwa, na wanawe walipokataa kuyarudisha akawalaani wasiachie mbegu. Naelewa kwa nini hadithi hii ilienea. Ukoo wenye wana watano kuzimika ndani ya miaka kumi na minne ni jambo la kutisha. Ila vita, mashindano ya mikuki na maradhi vilimaliza koo nyingi za kikabaila ambazo hakuna askofu aliyezigusa.

Ndipo zamu ya mabinti. Walipoitwa, watatu kati yao walikuwa tayari kaburini, Isabel (aliyeitwa jina la mama yake), Sibyl na Joan, na Eva alifariki mwaka uliofuata. Watoto wao wakasimama mahali pao. Mgawanyo wa 1247 ulikata kila kitu mafungu matano; huko Leinster, Carlow kwa Maud, Kilkenny kwa watoto wa Isabel, Wexford kwa upande wa Joan, Dunamase kwa upande wa Eva, Kildare kwa upande wa Sibyl. Sibyl aliacha mabinti saba. Fungu lake likakatwa tena, kila binti akabaki na sehemu moja kati ya thelathini na tano ya milki ya babu. Na wajane nao walikuwa na haki ya theluthi ya ardhi ya waume zao maisha yao yote. Eleanor, mjane wa William wa pili, alikuwa dada wa mfalme na baadaye mke wa Simon de Montfort. Alipangiwa pauni 400 kwa mwaka badala ya theluthi yake ya Ireland na Wales, akaona amepunjwa, na mumewe alilibeba lalamiko hilo mpaka kwenye ugomvi wake mkubwa na Henry wa Tatu.

Ardhi hukatika. Je, cheo? Je, kazi ya ukoo ya umarshali wa ufalme, yaani kusimamia farasi na utaratibu wa jumba la mfalme, yenye fimbo yake? Fimbo haigawanyiki kwa watano. Mwaka 1246 mfalme alimkabidhi Maud, binti mkubwa, naye akampa mwanawe Roger Bigod, eli wa Norfolk. Jina la Norfolk na umarshali vimeendelea kuambatana, pamoja na kukatika na kutolewa upya mara kadhaa: Duke wa Norfolk ndiye aliyesimamia sherehe ya kutawazwa kwa Charles wa Tatu mwaka 2023.

Pembroke ilikwenda kwa upande wa Joan, yule ambaye baba alikufa akimhurumia. Mwanawe wa kiume alifariki 1247, na dada mtu, aliyeitwa Joan kama mama yake, akaozwa mwaka huohuo kwa William de Valence, ndugu wa mfalme kwa mama. Mwana wao Aymer alitambuliwa kuwa eli baada ya mama yake kufa mwaka 1307, si baada ya baba, aliyekuwa amekwisha kufa zaidi ya miaka kumi nyuma. Tarehe hiyo peke yake inakuonyesha haki ilikuwa kwa nani. Aymer naye hakuacha mtoto wa halali. Mwaka 1339 Edward wa Tatu akampa cheo Laurence Hastings, mjukuu wa dada yake Aymer. Wa mwisho wa akina Hastings hao aliuawa na mkuki wa mashindano huko Woodstock, Desemba 1389, akiwa na umri wa miaka 17.

Wageni wa London huonyeshwa kanisa la Temple, ambako sanamu za mawe zinazosemwa kuwa za William na wanawe wawili zimelala chali sakafuni, ngao mikononi, zimepasuliwa na moto wa mabomu ya 1941. Nimeziinamia na kuzitazama. Isabel, mkewe William, hayupo hapo. Alizikwa mwaka 1220 katika abasia ya Tintern, kwenye bonde la mto Wye, leo magofu yasiyo na paa. Maud alipofariki mwaka 1248 alipelekwa hukohuko kwa mama yake, na jeneza lilibebwa hadi ndani ya kanisa na wanawe wanne, Roger mwenye fimbo akiwa mmoja wao.