Maili 15 kwa saa mchangani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu akishusha pikipiki yake ya magurudumu manne kutoka kwenye trela, akaona mchanga umetandaa mpaka upeo wa macho, ni rahisi aamini kwamba sheria ameziacha kule lami ilikoishia. Hakuna taa, hakuna mistari, hakuna makutano. Imani hiyo ndiyo mama wa dhana nyingine nyingi kuhusu viwanja vya kuendeshea magari nje ya barabara. Mifano yangu mingi naitoa California, Marekani. Jimbo hilo lina sheria maalumu ya magari haya tangu 1971, na lina viwanja viwili maarufu: Oceano Dunes, kando ya bahari ya Pasifiki, na Imperial Sand Dunes, jangwani karibu na mpaka wa Meksiko.

"Pasipo na kibao hapana kikomo"

Hii ndiyo inayowaponza wengi. Sheria ya California inasema mambo mawili. La kwanza, popote nje ya barabara, mwendo unaopita kiasi cha busara au unaohatarisha watu na mali ni kosa, hata kama hakuna namba iliyoandikwa mahali. La pili, ndani ya futi 50, yaani kama mita 15, kutoka kambini au mahali popote palipokusanyika watu au wanyama, kikomo ni maili 15 kwa saa, sawa na kilomita 24 hivi. Kikomo hicho hakisubiri kibao. Kibao kinadaiwa pale tu wenye mamlaka wanapotaka kukibadilisha.

Maana yake ni kwamba kikomo kinatembea na watu. Familia ikitua nyuma ya kilima asubuhi na kutandaza turubai, kimefika nao. Wakikunja virago jioni, nacho kimeondoka. Dereva anayejitetea kwamba jana alipita hapohapo kwa kasi na hakuna aliyemsemesha hajaelewa sheria inalinda nini.

"Maili 15 ni mwendo wa kutukera tu"

Tufanye hesabu. Kwa maili 15 kwa saa, chombo kinakwenda karibu mita 6.7 kila sekunde. Mtu wa kawaida akishtuka, inapita kama sekunde moja na nusu kabla breki hazijaanza kushika. Hapo ameshakwenda mita 10. Zinabaki kama tano za kusimama, na kwa mwendo huo, breki zikishika vizuri, zinaweza kutosha.

Sasa ongeza mwendo mara mbili, maili 30. Katika sekunde ileile moja na nusu amekwenda mita 20. Kwa hiyo ameikata ile mita 15 yote na kuingia kati ya mahema kabla mkono haujabana breki. Isitoshe, nguvu ya kugonga haikui mara mbili mwendo unapokua mara mbili, inakua mara nne. Sijui kama waliotunga sheria walikaa na kikokotoo, lakini futi 50 na maili 15 zinaendana vizuri mno.

Kinachosahaulika katika malalamiko haya ni ukubwa wa eneo linalobaki. Oceano Dunes kikomo hicho kinabana pia kwenye ufukwe, lakini ukishaingia kwenye vilima vya wazi, mbali na watu, unaongozwa na kanuni ya busara peke yake. Jangwa zima ni lako. Unachoombwa ni kupunguza mwendo pale wanapolala, wanapopika na wanapocheza watoto. Kwa kweli sioni kero iko wapi.

"Kwenye vilima ni kuona tu, bendera ni pambo"

Vilima vya mchanga vinajengwa na upepo, na upepo hujenga upande mmoja mlalo na upande wa pili mkali, wa nyuzi 30 na kitu. Anayepanda upande mlalo haoni chochote kilichoko ng'ambo mpaka afike kileleni, na akifika amechelewa. Anayepanda kutoka upande wa pili naye haoni. Ndiyo sababu ya ile fimbo ndefu yenye bendera, inayotakiwa kufika futi 8, yaani karibu mita mbili na nusu, kutoka ardhini. Inatangulia kuonekana juu ya kilele kabla ya kichwa cha dereva. Saa sita mchana mambo huwa mabaya zaidi kwa sababu jua likiwa utosini vivuli vinapotea, na shimo na tambarare vinafanana. Askari anayekusimamisha kwa kukosa bendera hajakosa kazi.

"Askari wa hifadhi hana meno"

Askari wa hifadhi za jimbo la California ni maofisa kamili wa sheria. Wanabeba silaha, wanakamata, wanaandika faini. Katika ardhi ya serikali kuu, kama Imperial Sand Dunes, wapo askari wa Idara ya Usimamizi wa Ardhi wenye mamlaka ya namna hiyo. Tochi ya kupimia mwendo inafanya kazi mchangani kama inavyofanya kwenye lami, na kwa kosa la mwendo usio wa busara askari anaweza kutegemea alichokiona kwa macho. Ni kweli hawatoshi kwa eneo kubwa namna ile, na kila mwendeshaji analijua hilo. Ndiyo maana huwakuti wametawanyika jangwani. Wako milangoni na kambini, walipo watu.

Pombe nayo ni hivyohivyo: kikomo cha asilimia 0.08 katika damu kinatumika barabarani na nje ya barabara, na leseni inayoguswa ni ileile unayoendeshea gari kwenda kazini.

"Mtoto yuko na baba yake, tatizo nini?"

Baba kuwapo ni sharti mojawapo tu. Katika ardhi ya umma California, mtoto chini ya miaka 14 haendeshi pikipiki ya magurudumu manne bila usimamizi wa karibu wa mtu mzima na mafunzo ya usalama yanayotambuliwa: ama ana cheti, ama yuko mafunzoni, ama anayemsimamia ana cheti. Na hata hapo, miguu na mikono yake lazima ifikie vidhibiti vyote. Asipofikia, mzazi aliyemruhusu naye ana kosa.

"Helmeti ni ya wanaokimbia"

Vyombo hivi ni vyembamba na uzito wake umekaa juu, na vingi vina kilo 200 na zaidi. Ili kipinduke hakihitaji kasi. Mteremko wa ubavu na usukani uliokatwa ghafla vinatosha, kisha zile kilo zinamfuata dereva chini. Kwenye vigari vyenye viti na fremu ya chuma, watu hujiona salama wakaacha mkanda. Kigari kikilala, mwili unajikinga wenyewe kwa kutoa mkono nje, na fremu inaangukia mkono huo.

"Faini ni mradi wa kuelekea kufunga viwanja"

Mfuko wa California unaohudumia viwanja hivi, pamoja na ruzuku za ulinzi, unalishwa hasa na kodi ya mafuta, ada za usajili na viingilio. Waendeshaji wenyewe wameshalipia askari hao kabla hawajawasha injini.

Viwanja vinafungwa kwa njia nyingine. Mwaka 1972 Rais Nixon aliagiza idara za serikali kuu zitenge maeneo ya magari haya na ya kuyazuia, na mwaka 1977 Rais Carter akaongeza amri ya kufunga mara moja sehemu ambayo magari yanaharibu udongo, mimea, wanyama au mambo ya kale. Pale Imperial Sand Dunes, karibu ekari 49,000 zilifungwa kwa magari mwaka 2000 baada ya kesi mahakamani. Kilichopiganiwa hakikuwa mwendo kasi. Ulikuwa ni mmea mdogo wa jamii ya kunde unaoota mchangani, ulio katika orodha ya mimea inayolindwa kisheria.