Sauti ndani ya gemu: iwekwe, lakini ianze ikiwa imefungwa

Gemu ya wachezaji wengi mtandaoni iwe na mazungumzo ya sauti ya kwake, au wachezaji waachiwe wapigiane kwa programu nyingine? Jibu langu ni kwamba iwe nayo. Ila sauti iwashwe na mchezaji mwenyewe, isikike kwa kikosi chake tu, na asiyeigusa kamwe aweze kucheza na kushinda kama wenzake.

Naeleza kwa hali ya Uganda, kwa sababu ushauri mwingi wa jambo hili huandikwa kwa mtu mwenye kompyuta, intaneti ya nyumbani isiyohesabiwa na chumba cha peke yake. Mchezaji wa Kampala, Gulu au Arua mara nyingi anashika simu ya gigabaiti 2 au 3 za RAM, anachezea bando, na nyuma yake kuna runinga, watoto na bodaboda zinazopita dirishani.

Programu ya nje na maikrofoni moja

Kwenye kompyuta, programu za mazungumzo kama TeamSpeak na baadaye Discord, iliyotoka mwaka 2015, zilifanya kazi hii vizuri sana. Simu ni jambo jingine. Gemu kubwa hula karibu kumbukumbu yote, na Android ikibanwa huanza kuua kinachoendeshwa nyuma. Programu ya mazungumzo ndiyo huwa ya kwanza kuondoka.

Halafu kuna maikrofoni. Kabla ya Android 10, programu moja tu iliweza kuishika kwa wakati mmoja. Tangu Android 10 mbili zinaweza kuifungua, lakini mara nyingi moja hupewa ukimya bila kuambiwa. Matokeo yake unawasikia wenzako vizuri, wao hawakusikii, na wote mnalaumu mtandao.

Lililo zito zaidi ni hili: wachezaji wanne waliokutanishwa na seva hawajuani. Bila sauti ya ndani, njia iliyobaki ni kupeana namba za simu. Msichana wa miaka 15 asilazimike kumpa mgeni namba yake ili tu amwambie adui yuko nyuma ya ukuta. Na programu za nje hukumbwa na mambo yasiyohusu gemu: kuanzia Julai 2018 Uganda ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, na asiyelipa alifungiwa WhatsApp, Skype na Viber, yaani zile zile ambazo vikosi hupigiana. Kodi hiyo iliondolewa Julai 2021, na mahali pake ikaja ya asilimia 12 juu ya data yenyewe. Kwa hiyo tuhesabu data.

Sauti inakula kiasi gani

Kodeki, yaani programu ya kubana na kufungua sauti, ya kutumia ni Opus, iliyosanifiwa mwaka 2012 na isiyo na malipo ya leseni. Kwa mazungumzo, kilobiti 16 kwa sekunde zinatosha kabisa. Ukiiacha na fremu (kipande cha sauti) yake ya kawaida ya milisekunde 20, kila pakiti, yaani kifurushi cha data kinachotumwa, hubeba baiti 40 za sauti. Juu yake kuna vichwa vya IPv4, UDP na RTP, yaani maelezo ya kuifikisha na kuipanga pakiti: baiti 40 nyingine. Yaani nusu ya bando inalipia bahasha. Pakiti 50 kwa sekunde, baiti 80 kila moja, ni megabaiti 14.4 kwa saa kwa kila sauti inayozungumza mfululizo.

Ukirefusha fremu hadi milisekunde 40, bahasha zinapungua nusu na matumizi yanashuka hadi megabaiti 10.8. Ukifika 60 ni 9.6, lakini hapo pakiti moja ikipotea inaondoka na kipande kikubwa cha silabi. Mimi hupendekeza 40 kwa mitandao ya simu.

Katika kikosi cha wanne kinachopitia seva, kila mchezaji hutuma mkondo mmoja wa sauti na kupokea mitatu. Wote wakisema bila kupumua ni megabaiti 43 hivi kwa saa kwa kila mmoja. Watu hawasemi hivyo, lakini maikrofoni iliyoachwa wazi husema hivyo. Ukitegemea kigunduzi cha sauti, kinachofungua maikrofoni chenyewe kikisikia kelele, kwenye kibanda chenye jenereta, jenereta ndiyo itakayokuwa mzungumzaji wa kudumu, na kila aliye kikosini atailipia. Ndiyo maana mpangilio wa mwanzo kwenye simu uwe bonyeza-uzungumze. Kitufe hicho kikae karibu na kidole gumba cha kushoto, kiwe kikubwa, na kiweze kuhamishwa.

Kosa moja hujirudia mno kwa watengenezaji. Opus ina kinga ya pakiti zinazopotea: kila pakiti inaweza kubeba nakala hafifu ya fremu iliyotangulia. Wengi huwasha kinga hiyo na kusahau kuiambia kodeki itarajie upotevu wa asilimia ngapi. Ikiachwa sifuri, nakala haiwekwi. Weka 10 au 15. Na upande wa mpokeaji, pakiti ikikosekana, msimbo usubiri inayofuata na kutoa nakala iliyomo, si kujaza pengo kwa kubahatisha. Pande zote mbili zisiposhughulikiwa, umelipia kinga usiyoitumia.

Safari ya sauti

ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inashauri ucheleweshaji wa sauti usizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja ili mazungumzo yaende kwa raha. Kwenye gemu ya kurushiana risasi hata hizo ni nyingi, kwani "kulia kwako!" iliyochelewa ni habari ya marehemu. Uganda haina pwani. Data yake hupita nchi kavu hadi Mombasa au Tanzania kabla ya kuingia kebo za baharini. Mwanga ndani ya nyuzi hutumia takriban milisekunde 5 kwa kila kilomita 1,000, bila kuhesabu vituo vya njiani. Wachezaji wawili walioko Ntinda na Kawempe, mitaa ya Kampala, wanaosemezana kupitia seva ya Frankfurt, Ujerumani, wanatuma sauti Ulaya na kuirudisha ili ivuke mtaa.

Seva ya sauti si lazima ikae ilipo seva ya gemu. Yenyewe ni nyepesi: inapokea pakiti na kuzigawa, haifungui wala kuchanganya chochote. Inaweza kuwekwa Kampala, ambako kituo cha UIXP kimekuwa kikiunganisha mitandao ya ndani tangu 2001. Ikishindikana, Afrika Kusini ni afadhali kuliko Ulaya: AWS, huduma ya seva ya Amazon, ina vituo Cape Town tangu 2020, na Google iko Johannesburg tangu 2024.

Usishawishike kuunganisha simu kwa simu moja kwa moja ili kuokoa gharama ya seva. Kila mchezaji angetuma nakala tatu za sauti yake. Mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya IP, hivyo STUN, njia ya simu kugundua anwani yake ya nje, peke yake mara nyingi hushindwa na unaishia kukodi TURN, ya kupitisha sauti, ambayo ni seva vilevile. Mbaya zaidi, anwani ya kila mmoja inaonekana kwa wengine, na mwenye hasira ya kushindwa anaweza kuitumia kuangusha intaneti ya mwenzake.

Hedfoni za Bluetooth

Hapa ndipo malalamiko huwa mengi: "nikiwasha maikrofoni, sauti ya gemu inaharibika." Sauti haijaharibika, hedfoni imebadilisha njia. Muziki hupita A2DP, njia ya Bluetooth yenye kushoto na kulia. Maikrofoni ya hedfoni ikifunguliwa, inahamia HFP, njia ya simu, ambayo kwa kawaida ni kHz 8 au 16 na upande mmoja tu. Hujui tena nyayo za adui zinatoka wapi. Tiba ni kwa mtengenezaji: acha hedfoni ibaki A2DP na uchukue sauti kwenye maikrofoni ya simu yenyewe. Kwa mchezaji, hedfoni ya waya inamaliza tatizo hilo pamoja na mwangwi unaotoka spika ya simu kurudi kwenye maikrofoni.

Mlango uliofungwa

Desemba 2022 Epic Games, wenye gemu ya Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 275 nchini Marekani kwa kukiuka faragha ya watoto, na sehemu ya agizo ilikuwa kuzima kwanza mazungumzo ya sauti na maandishi kwa watoto na vijana. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 nayo inadai ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto. Sauti iliyorekodiwa ni taarifa ya mtu. Ukirekodi, eleza.

Gemu ya Call of Duty ilianza kutumia mashine kusikiliza matusi Agosti 2023, Amerika Kaskazini, kwa Kiingereza. Mashine ya aina hiyo haitaelewa sentensi inayoanza kwa Luganda, ikapita Kiswahili na kumalizia kwa Kiingereza, na hivyo ndivyo watu wanavyoongea. Mfumo unaofaa kwetu ni ule ambao Fortnite waliuweka Novemba 2023: simu hushikilia dakika 5 za mwisho na kuzifuta mfululizo, na hazipelekwi popote mpaka mtu ashitaki. Hapo malalamiko yasikilizwe na mtu anayezijua lugha hizo. Kampuni isiyo tayari kumwajiri mtu huyo isifungue sauti kwa wageni. Iruhusu marafiki waliokubaliana tu.

Alama ziwe za kwanza

Gemu ya Apex Legends ilitoka Februari 2019 ikaonyesha kwamba alama za kugusa, "adui pale", "risasi hapa", "nakuja", zinaweza kuongoza kikosi kisicho na lugha moja. Alama moja ni baiti chache, haina lafudhi, haifichui jinsia wala umri, na kiziwi anaiona. Zijengwe kabla ya sauti, na maneno yake yatafsiriwe kwa Kiswahili na Luganda na mtu anayecheza, maana "pakia upya" na "nifunike" hupotoshwa sana na watafsiri wasiojua gemu. Kwa gemu za zamu, au mpira wa mmoja kwa mmoja na mgeni, alama zinatosha. Sauti haihitajiki kabisa.

Kabla ya kutoa toleo, jaribu kwa simu nne za bei nafuu, mbili kwenye laini za mitandao tofauti, moja ikiwa ndani ya teksi inayotembea, moja ikitumia spika bila hedfoni. Ongeza upotevu wa pakiti hadi asilimia 10 na mwambie kila mmoja asome namba kumi kwa mpigo. Wenzake wakikosa zaidi ya moja, rudi kwenye mpangilio wa kinga kabla ya kugusa kitu kingine.